Nyayo za Bwana Msa: shajara ya matembezi yetu, Vuga hadi Makunduchi

Januari

Njia ya mjini Unguja imeshachorwa. Inaanzia Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja, inafuata Vuga hadi Mahakama Kuu, inaingia Sokomuhogo, inapumzika Jaws Corner kwenye baraza za kahawa, inapita Mkunazini, inamalizikia Marikiti ya Darajani. Makunduchi ni safari ya peke yake, kwa gari. Mwenye haraka zake anaimaliza ile ya mjini kwa muda mfupi tu. Sisi tunataka watu watoke baada ya sala ya alasiri na wafike Darajani magharibi inakaribia, maana kila kituo kina kusoma riwaya za Bwana Msa, na kusoma kwa sauti hakutaki mbio.

Kwa vijana ambao hawajamjua: Bwana Msa ni mpelelezi wa kwenye riwaya, mvuta kiko, na yuko na Najum, rafiki wa kumfuata na kumshangaa, na Spekta Seif wa polisi. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 25 Aprili 1918, aliyefariki Machi 1991. Hadithi ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichukua zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya East African Literature Bureau ya 1957–58. Kisima cha Giningi ikatoka 1968. Halafu kuanzia 1973 hadi 1976 zikafululiza nne, mwaka kwa riwaya: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Kosa la Bwana Msa ikaja 1984.

Mji Mkongwe una matembezi ya kila namna. Kuna ya biashara ya watumwa, kuna ya milango, kuna ya mwanamuziki Freddie Mercury ambaye tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani. Tangu mwandishi Abdulrazak Gurnah apate Nobel 2021 wageni wanaulizia na mtaa wake wa Malindi, na haki yao. Bwana Msa, anayesema Kiswahili cha barazani kwetu, hana hata kichochoro. Basi matembezi yake ndiyo tunayotaka kuyafanya, na tunayafanya kwanza kwa ajili ya wenyewe wa hapa. Mtalii akitaka kuja, aje na mkalimani wake.

Tuko wachache: mie, Maalim mmoja wa skuli ya sekondari, kijana anayejua kuchora ramani, na mwenzetu mwenye kitambulisho cha kutembeza watu cha Kamisheni ya Utalii. Bila huyo wa mwisho tusingethubutu kuonekana njiani na kundi la watu nyuma yetu.

Februari

Mwezi mzima umekwenda kwenye ubishi mmoja: nyumba.

Kijana wa ramani anataka nyumba. Anasema matembezi ya mpelelezi bila nyumba ya mpelelezi ni pilau bila nyama. Ameshaichagua, ipo karibu na Hurumzi, ina mlango wa njumu na baraza ya mawe, na mwenyewe hana neno. Tuweke kibao: hapa ndipo alipokaa Bwana Msa. Watu watapiga picha, picha zitatembea, kazi imekwisha.

Mfano wake ni London. Kweli, Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, ana nyumba: makumbusho ya Baker Street, yaliyofunguliwa 1990, mlangoni pameandikwa 221B. Lakini ukiitazama vizuri habari yenyewe, inamsaidia Maalim, anayekikataa kibao, kuliko kijana. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, alipokuwa akiandika, nambari za mtaa ule hazikufika 221. Baadaye mtaa ulipopangwa upya, nambari hiyo ikaangukia kwenye jengo la taasisi ya fedha lililojengwa 1932, na barua za watu wanaomwomba Holmes msaada zikawa zinafika pale, hata ikabidi awekwe mtu wa kuzijibu. Na makumbusho yenyewe yamekaa baina ya nambari 237 na 241. Yaani watu waliipenda hadithi hata wakaipindua hesabu ya mtaa ili mtu asiyekuwepo apate mlango.

Maalim akasema, sawa, Waingereza wameshafanya, na inawapendeza. Lakini sisi hapa tuna jambo jengine. Mji huu kila nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ana babu, na babu ana historia yake. Ukiweka kibao cha uongo leo, baada ya miaka kumi mtoto wa skuli atakuja kukwambia kwamba Bwana Msa alikuwa jirani ya bibi yake, na historia ya kweli ya nyumba ile itakuwa imefukiwa. Bwana Msa mwenyewe kazi yake yote ni kuvua uongo uliovalishwa nguo ya ukweli. Tumvike sisi?

Mie nimesimama na Maalim. Kijana kanuna siku mbili tatu, kisha kaja na kitu bora: ramani isiyo na nyumba ya Bwana Msa kabisa, ila ina mabaraza. Kila alama ni mahali pa kukaa, kutazama na kusikiliza. Tumeichukua hiyo.

Ramadhani

Mchana hakuna wa kutembea, basi tumesoma. Nyaraka za Taifa pale Kilimani kuna ubaridi na kimya, mtu anasahau hata kiu. Nilikuwa nafuata jambo moja: yule mtunzi alikuwa akifanya nini kabla ya kutunga.

Alimaliza masomo 1938 akaajiriwa Idara ya Afya, akawa mkaguzi. Kwa lugha ya mtaani, bwana afya. Miaka kumi. Kisha 1948 akageukia magazeti: mhariri wa Zanzibari, na katika muongo uliofuata mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Al Mahda na wa Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akapewa Mkulima, jarida la kilimo, akakaa nalo hadi alipostaafu 1968.

Watu wengi wakimtaja wanaanzia kwenye Sherlock Holmes, kwamba Bwana Msa kaigwa kule. Holmes yumo, hakuna anayebisha. Kiko ni kile kile, na Najum anafanya kazi ya Watson, rafiki wa Holmes. Lakini mie naona wanaruka hatua. Conan Doyle alikuwa daktari, na mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, alikuwa akimtazama mgonjwa na kumtajia kazi anayofanya kabla hajafungua mdomo. Holmes katoka chumba cha daktari. Bwana Msa je? Fikiria kazi ya bwana afya wa miaka ile. Anabisha hodi asikoalikwa. Anachungulia mtungi kutafuta viluwiluwi vya mbu, anainua kifuniko cha kisima, anauliza choo kiko wapi, anatazama jiko la mkahawa kwa nyuma. Kila mwenye nyumba anamwambia maji yamebadilishwa jana, na yeye anamwona mdudu anaogelea. Anatakiwa amwambie bila ya kumvunjia heshima, kwani mwezi ujao atarudi mlango ule ule. Miaka kumi ya kazi hiyo, mtu anajua nyumba za watu zinavyosema uongo.

Hii ni rai yangu, siipi cheo zaidi ya hicho. Ila imetupa mwanzo wa matembezi. Beit al-Amani tulikuwa tunaianzia kwa sababu iko pazuri na ina kivuli. Sasa ina sababu: jumba lile la makumbusho lilifunguliwa 1925, mlezi wake wa kwanza alikuwa daktari, Spurrier, aliyeshughulika sana na afya ya mji, na mafunzo ya afya yalikuwa sehemu ya yale watu waliyokuwa wakionyeshwa mle. Tutasimama nje na kuanza na mbu, kiko kitafuata baadaye.

Kituo cha pili nacho kimepata maneno. Mahakama Kuu ya Vuga imesanifiwa na Sinclair, huyo huyo aliyesanifu Beit al-Amani, kwa hiyo macho yanahama jengo hadi jengo bila kuhama mkono. Hapo tunazungumza magazeti. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa yaliyochapishwa ndani ya Al Falaq, gazeti lao. Afrika Kwetu ilikuwa na wasomaji wake na upande wake, wa Waafrika. Mtu aliyekaa meza zote mbili, mji ukiwa unaelekea zama za siasa na watu wakisusiana hata maduka na mazishi, ndiye aliyekwenda kuandika hadithi ambamo anayeshukiwa na mtaa mzima mara nyingi siye. Hapa hatusomi kitu. Tunawaachia watu wafikiri mpaka Sokomuhogo.

Mei

Masika yalitukatalia mara kadhaa. Mvua ikinyesha Mji Mkongwe, makaro yanapanda na vichochoro vinageuka mito, na watu hawatakusikiliza hata usome vipi. Siku ilipokucha kavu tukatoka na wanafunzi wa Maalim.

Niandike yaliyokwenda vibaya kwanza. Kelele: vespa na bodaboda zinapita kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, na msomaji anakatwa katikati ya sentensi ambayo maiti inaonekana. Papasi, wale wanaowinda watalii njiani: watatu walitufuata kutoka Vuga wakidhani tumebeba wageni, mmoja akawa anatuahidi ziara ya kisiwa cha Changuu kwa bei nzuri. Alipogundua tunasoma riwaya ya Kiswahili alisimama, akasikiliza ukurasa mzima, akauliza nani kaua. Tukamwambia fuata. Akafuata mpaka Mkunazini, simu yake ikalia, akaenda zake. Huyo ndiye msikilizaji wetu wa kwanza wa bure.

Yaliyokwenda vizuri ni Jaws Corner. Muuza kahawa keshazoea, anagonga vikombe, dele liko juu ya makaa, wazee wanabishana mpira na siasa, bao linachezwa pembeni. Zoezi tulilowapa wanafunzi: kaeni, kunyweni kahawa, msiulize mtu kitu chochote. Mkiondoka, kila mmoja aseme mambo matatu aliyoyajua kuhusu watu waliokuwepo, na aseme ameyajuaje. Wavulana walirudi na mambo ya juu juu, nani Yanga nani Simba. Mmoja wa wasichana, aliyekuwa amesimama kando na mwenzake, kasema yule mzee wa kofia ya vito kafiwa karibuni, kwa sababu kila aliyefika alimpa mkono kabla ya wengine na hakuna aliyemtania. Maalim akaenda kuuliza kwa adabu. Ilikuwa kweli, nduguye, wiki iliyopita.

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kueleza upelelezi ni nini. Tulifungua kitabu tu.

Mwanafunzi mwengine akagundua peke yake kwamba Msa ni herufi za kwanza za majina ya mtunzi, akatangaza kama aliyekamata mwizi. Tukamwacha afurahi.

Juni

Yule msichana wa Jaws Corner katuachia kazi. Alisimama kando kwa sababu pale barazani, jioni, ni pa wanaume. Hakuna aliyemfukuza, mwenyewe anajua. Matembezi ambayo nusu ya watu wanasimama pembeni ya kituo kikubwa yana kasoro, tena kwa riwaya hizi ambazo wanawake ndio wanaojua nani kaingia kwa nani na saa ngapi.

Mwenzetu mwenye kitambulisho kamwendea bi mkubwa mmoja wa Mkunazini, ndugu wa mama yake, ambaye ukumbi wake hauishi wanawake baada ya alasiri. Hodi, karibuni, viatu mlangoni. Sisi wanaume tulibakishwa barazani nje, tunasikia kupitia dirishani, na kwa kweli ndivyo ilivyostahiki.

Msomaji alikuwa mwanafunzi yule yule. Alipotaja jina la Mke Mmoja Waume Watatu, ndani kukawa na kicheko cha muda mrefu, na bi mkubwa akasema, “Watatu! Mmoja tu ananshinda kumpikia.” Kisha wakatulia wakasikiliza. Ukurasa haukumalizika. Mmoja alikatiza: huyo anasema uongo. Msomaji akamuuliza umejuaje, bado hatujafika. Akasema, mwanangu, mtu aliyelala nyumbani kwake haelezi alilala vipi. Mwengine akapinga, wakaanza kuulizana nani alikuwa wapi, wakarudi nyuma kurasa mbili, wakamlazimisha msomaji arejee maneno aliyosema mtumishi. Walifanya kazi ya Spekta Seif, wakaifanya kwa adabu kuliko yeye.

Tangu siku hiyo Mkunazini ni kituo kamili, na kwangu mie ndicho kitovu cha matembezi. Kundi linagawanyika: wanaume Jaws Corner, wanawake ukumbini, vifungu vile vile. Kisha wote wanakutana Marikiti kulinganisha walichokiona. Mpaka sasa ukumbi unashinda.

Marikiti yenyewe, iliyojengwa 1904, tumeifanya kituo cha Mkulima. Hapo ndipo shamba linapoingia mjini kila alfajiri. Na Darajani kwenyewe palikuwa na maji, mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo kabla ya kufukiwa, na daraja ndilo lililobaki kwenye jina. Tunawageuza watu watazame Ng'ambo kisha watazame mji wa mawe, tunasoma kipande kifupi, tunawaaga. Adhana inakuwa karibu.

Julai

Makunduchi, siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya kuingia mwaka. Tulipita Tunguu, Kitogani, Muyuni. Kijiji kimejaa, wageni kutoka mjini na bara, mabanda ya chakula. Tuliona wanaume wakipigana kwa mikungu ya migomba, upande na upande, kusafisha vinyongo vya mwaka, na kina mama wamevaa vyao wanaimba maneno ambayo hayaandikiki hapa. Kibanda cha makuti kikachomwa. Vumbi, moshi, kicheko.

Ila hatukwenda kwa ajili ya ngoma. Tulikuwa na ombi: kumsoma Muhammed Said Abdulla kijijini alikozaliwa. Na kuna aliyetaka tusome Mzimu wa Watu wa Kale kwenye mzimu wenyewe, mmoja wa ile ya kusini ambayo watu bado wanafukiza uvumba na kutundika vitambaa.

Tulipelekwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale, sheha akatupeleka kwa wazee. Shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani. Nikaeleza. Mzee mmoja akanitazama, akasema kwa Kikae, lahaja yao, na kijana wake akatufafanulia: huyo Msa wenu haamini mizimu, sasa mnataka kumpeleka mzimuni akafanye nini? Wenzake wakacheka. Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameeleza riwaya nzima kwa pumzi moja. Vitabu vile vimesimama hapo hapo: watu wanaogopa kisima, wanaogopa mzimu, na mtu mmoja mwenye kiko anasema ngojeni, kwanza tutazame nani anafaidika na hofu hii.

Wazee hawakuona ajabu kwamba mtoto wa Makunduchi ndiye aliyeandika hivyo. Mmoja kasema aliyekulia karibu na mzimu ndiye anayejua ni mambo gani ya watu yanasingiziwa mzimu. Lakini mahali penyewe pana wenyewe na pana adabu zake, na kundi la watu wenye simu si adabu. Tumekubaliana: kusoma kutakuwa chini ya mti karibu na skuli, mbali na siku za Mwaka, na watoto wa kijiji ndio watakaosoma. Wanaisoma vizuri kuliko sisi. Pale mtunzi anapochezea maneno, wao wanacheka kabla ya watu wa mjini kufika kwenye nukta.

Kuhusu nyumba aliyozaliwa: hatukuiulizia. Ina watu wake.

Septemba

Hali ilivyo sasa. Matembezi ya mjini yanatoka kila mwezi, Jumamosi moja. Mchango ni wa kahawa, kashata na nakala za kurasa. Kundi halizidi watu kumi na wawili, maana ukumbi wa Mkunazini haubebi zaidi na bi mkubwa hataki vurugu.

Vitabu ndiyo shida kubwa. Nakala tunazosomea ni za kuazima, nyengine zimefunguka mgongo. Kurudufisha sura nzima hatuwezi: mtunzi kafariki 1991, haki zake bado hai, na hatutaki mradi wa mpelelezi uanzie kwenye wizi. Tumeandika kuomba ruhusa ya vifungu vifupi. Vya Mzimu na vya Siri ya Sifuri tumepata kauli njema. Vya Kisima cha Giningi bado tunasubiri.

Kijana wa ramani, yule wa nyumba, amemaliza kijitabu: kurasa kumi na sita, ramani katikati, mabaraza yametiwa wino mwekundu. Ameomba ukurasa mmoja aandike habari ya Baker Street na nambari zake. Tumempa wa kumi na nne. Ukurasa wa tisa, uliokuwa wa Giningi, ameuwekea mistari mitupu na swali moja juu yake: umemwona nani leo, na umejuaje? Barua ya ruhusa ikifika kabla ya mchapaji kuwasha mashine tutaubadilisha. Bi mkubwa wa Mkunazini anasema tusiubadilishe.